Barua ya Asali Iliyomfikia Kastori

KITUO CHA POLISI, MUYINGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jeska Nizigama
Umri: Miaka 29
Kazi: Katibu wa ofisi, kampuni ya Sultanali na Wanawe, wauzaji wa kahawa na asali, Gitega
Makazi: Gitega mjini, nyumbani kwao Giheta
Tarehe ya maelezo: 14 Mei 2019
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi
Mlalamikaji: Anisia Ntirampeba, mfugaji nyuki, Giteranyi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilikulia kambini Mtabila, Kasulu, Tanzania, na nilirudi Burundi na mama yangu mwaka 2012 kambi ilipofungwa. Kirundi nakisema, ila kukiandika bado, ndiyo maana nimeomba kueleza kwa Kiswahili.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Bwana Moez, mtoto wa mzee Sultanali, ambaye anaendesha ofisi tangu baba yake augue, aliniambia nitafute programu ya kutuma barua pepe kwa wateja wengi kwa mara moja. Kabla ya hapo nilikuwa natuma moja moja, na nyingi ziliishia kwenye takataka za wapokeaji bila kusomwa.

Nilijaribu programu tatu. Ya kwanza ilitengenezwa kwa kampuni kubwa. Tungetumia kipande kidogo na kulipia yote. Ya pili ilikuwa ya malipo ya wastani, na ndiyo niliyoipendekeza. Iliruhusu kugawa wateja makundi, wa nje upande wao na wa hapa upande wao. Ilimuuliza kila mteja kwanza kama anataka kuandikiwa. Tena barua haikuondoka mpaka mtu wa pili aisome na kuikubali. Ya tatu ilikuwa ya bure. Ilikuwa na kurasa nzuri za kuwekea picha, lakini anwani zote zilikaa kapu moja. Ukituma, umetuma kwa wote.

Nilimweleza Bwana Moez hayo ofisini, mama yake, Mama Shenaz, akiwepo. Bwana Moez alicheka, akasema: "Jeska, mutu wa pili wa nini? Tuko watu wawili tu mu biro."

Nilimwambia hao wawili wanatosha.

Akasema: "Bon, mi naona hii ya bure iko muzuri. Angalia hizi picha."

Mama Shenaz akamwambia: "Moez, musikilize. Anakueleza kitu." Naye akajibu: "Mama, we wacha." Ikachukuliwa ya bure.

Kwa kuwa haikuweza kutenganisha watu, niliingiza humo anwani za wanunuzi wa Ulaya peke yake. Za watu wa hapa, pamoja na kwaya na chama cha watu waliorudi kutoka Mtabila walioacha anwani zao kwenye maonyesho ya biashara, nilizibakiza kwenye kompyuta ya ofisi. Nilimwomba Bwana Moez asizichanganye. Alisema sawa.

Mnamo tarehe 14 Machi tulikwenda Giteranyi kwa kikundi cha wafugaji nyuki tunaonunua kwao. Bwana Moez alitaka mtu mmoja wa kuandikwa habari zake, ili wanunuzi waone asali inatoka kwa nani. Wanakikundi walimsukuma mbele Anisia kwa sababu anajua kuongea. Sikuwahi kumwona kabla. Tulipogundua wote ni wa Mtabila, yeye wa upande wa chini karibu na zahanati na mimi wa upande wa shule, tulishikana mikono kwa muda mrefu.

Kabla ya kupigwa picha Anisia alimuuliza Bwana Moez: "Hii itasomwa na nani?"

Bwana Moez akasema: "Wazungu tu, mama. Ubelgiji, Ujerumani."

"Na Tanzania?"

"Tanzania hapana. Tanzania iko na asali yake."

Watu wakacheka. Anisia hakucheka. Baadaye, Bwana Moez akiwa anapakia ndoo, alinivuta nyuma ya mizinga akaniambia kuwa ana mume, jina lake Kastori, aliyekuwa akimpiga kambini mpaka akapoteza mimba ya pili. Wakati wa kurudi, Anisia alipanda gari la watu wengine akiwa na mtoto wake mgongoni, na Kastori akabaki Kasulu. Akaniambia: "Hajui nilishukia wapi. Mdogo wangu, andika jina langu, sioni haya nalo. Lakini liende huko mbali mlikosema." Nilimwahidi. Nilimwambia Bwana Moez ndani ya gari, tukiwa njiani kurudi Gitega. Alisema: "Nimesikia, Jeska." Sina sababu ya kusema hakusikia. Redio ilikuwa imezimwa.

Niliandika barua ile. Niliweka jina na picha. Sikuweka soko wala tarafa. Niliandika "kaskazini mwa Burundi" basi.

Mnamo tarehe 12 Aprili, siku ya Ijumaa, nilikuwa na ruhusa, nikaenda Giheta kumsaidia mama kuvuna maharage. Mchana simu yangu iliita ndani ya mfuko. Nilifungua nikaona uso wa Anisia. Ilikuwa barua yetu. Mimi si mnunuzi wa Ulaya. Anwani yangu ilikuwa kwenye ile orodha ya watu wa hapa, pamoja na wenzangu wa Mtabila. Nilielewa papo hapo kwamba kapu lilikuwa limechanganywa. Nikasoma mpaka chini. Palikuwa na maneno ambayo sikuyaandika mimi: kwamba Mama Anisia anapatikana kila Alhamisi kwenye soko la Giteranyi, mkoa wa Muyinga, karibuni.

Nilimpigia Bwana Moez. Nilimwambia: "Irudishe."

Akasema: "Imeli hairudi, Jeska. Ikishaenda imeenda. Kwani iko na shida gani?"

Nilimtajia jina la Kastori. Akasema alitaka watu wa Gitega na Bujumbura nao waione, maana ni habari nzuri, na mahali aliongeza ili wateja waamini. Akasema: "Huyo bwana atajuaje? Yeye hayuko hata mteja."

Nilimpigia Anisia, simu ilikuwa imezimwa. Kesho yake nilipanda basi mpaka Muyinga, kisha pikipiki mpaka Giteranyi. Nilimkuta anapaka udongo ukuta wa jiko. Nilimwonyesha barua kwenye simu. Aliiangalia picha yake muda mrefu, mikono ikiwa na matope, hakutaka kuishika simu.

Akasema: "Uliniahidi Wazungu tu."

Nilimwambia ni kweli nilimwahidi. Nilimwomba aondoke kwa muda, aje kwetu Giheta na mtoto. Alinijibu maneno haya, nayakumbuka: "Jeska, mimi nimekimbia Burundi nikiwa tumboni, nimekimbia mume, nimekimbia kambi. Hii nyumba nimeiezeka mwenyewe. Nikimbie tena kwa sababu ya barua ya asali?" Kisha akamwita mtoto wake, Gaudensia, wa miaka tisa, aje anisalimie. Tulikula ugali na mboga ya lengalenga. Alinisindikiza mpaka barabarani na hakunilaumu tena. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu nilipoingia ofisini Bwana Moez alikuwa mbele ya kompyuta. Ile programu huonyesha ni wangapi wamefungua barua. Aliniita akasema: "Angalia. Hii ndiyo watu wamefungua kuliko zote. Na komandi zinaingia, watu wanaagiza asali." Nilitoka nikakaa uani mpaka Mama Shenaz aliponifuata na chai. Sikuinywa. Alisema atazungumza na mwanawe. Sijui kama alizungumza.

Afisa ameniuliza kwa nini sikutoa taarifa polisi wakati ule. Jibu langu: ningesema nini? Kwamba barua imetumwa? Hakuna mtu aliyekuwa amepigwa.

Mnamo tarehe 9 Mei, Alhamisi, nilikuwa sokoni Giteranyi na mizani ya kampuni, napokea asali. Dereva wetu Matata alikuwa amekwenda kutafuta mafuta. Anisia alikuwa kando yangu akichuja masega. Majira ya saa sita mchana alikuja mwanamume mrefu, shati safi lililopigwa pasi, akisukuma baiskeli. Anisia alikuwa ameinama, hakumwona. Yule bwana alinyoosha simu yake mbele yangu. Ilikuwa ile barua, imepigwa picha na kutumwa kutoka simu hadi simu mpaka ikawa na ukungu.

Akaniuliza kwa upole: "Wewe ndiye wa kampuni?"

Nilisogea kumkinga Anisia asionekane.

Akasema: "Mmefanya kazi nzuri. Miaka saba nilikuwa naulizia."

Anisia alisikia sauti. Aliinua kichwa, na kile kitambaa cha kuchujia kikamponyoka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kastori," kama mtu anayejibu anapoitwa jina darasani.

Kastori akawageukia watu waliokuwa wameanza kukusanyika, akawasalimia wote kwa heshima, akasema: "Ndugu zangu, huyu ni mke wangu wa ndoa. Alinikimbia na mtoto wangu. Sikuja kwa ugomvi."

Mzee mmoja akasema hayo ni mambo ya nyumbani, wayamalize wenyewe. Wengine wakaitikia. Niliwaambia si kweli, mtu huyu ni mpigaji. Mwanamke mmoja akaniuliza mimi ni nani yao.

Ni wakati huo watoto wa shule walipokuwa wanatoka. Gaudensia hupita sokoni kwa mama yake kila siku ya soko. Nilimwona anakuja na sare yake. Nilimpungia mkono arudi, naye akadhani namsalimia, akakimbia kuja.

Kastori alichuchumaa, akamwambia: "Gaude, mimi ndiye baba yako." Mtoto alimtazama mama yake. Kastori alimbeba akamweka kwenye keria ya baiskeli. Hapo ndipo Anisia alipopiga kelele. Alishika usukani kwa mikono miwili. Kastori alichukua jiwe la mizani yangu, la kilo tano, akampiga nalo mkononi, mara ya pili tena mahali pale pale. Nilisikia mfupa. Mimi nilishika keria kwa nyuma, mtoto akawa ananivuta nguo akisema, "Dada, dada." Nilivutwa, nikaanguka, na kidonda cha goti afisa amekiona. Alipanda akaondoka kwa njia ya miguu inayoteremka upande wa mpaka. Watu walimwachia njia.

Baada ya hapo ndipo wanaume watatu walipokimbia kumfuata, na mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa kijiji, akapigiwa simu. Walikuta baiskeli imelazwa kwenye shamba la mihogo karibu na mpaka, na kiatu kimoja cha mtoto. Sikwenda nao. Nilikuwa nimemshika Anisia, aliyetaka kukimbia na mkono unaning'inia. Matata aliporudi tulimleta hospitali ya hapa Muyinga, na ndipo taarifa ya kwanza ikatolewa.

Jioni ya kesho yake Bwana Moez na Mama Shenaz walifika kutoka Gitega. Mama Shenaz alikaa kitandani akamlisha Anisia kwa kijiko. Bwana Moez alisimama mlangoni. Alisema: "Mama Gaude, mi sikujua." Anisia alimwambia: "Ulijua. Ulisahau tu." Hakusema kwa hasira. Bwana Moez alitoka nje, nikamsikia akilia kwenye varanda. Sikumfuata.

Jumamosi asubuhi Anisia aliniuliza: "Ile mashine yenu bado ina watu wote mle ndani?"

Nilisema wamo.

"Na wa Tanzania?"

Nilisema wako wengi waliotoka Mtabila, na wenye ndugu Kasulu na Kibondo.

Akasema: "Basi itume tena. Weka picha ya mtoto. Itume kwa wote. Tanzania ndiyo kwanza."

Picha ilikuwa moja tu, ya siku ya ubatizo wa jirani. Maneno alinitajia yeye, mimi nikaandika: kwamba Gaudensia amechukuliwa na Kastori, ana alama ya kuungua shavu la kushoto, atakayemwona aripoti polisi au apige namba hii. Bwana Moez alileta kompyuta hospitali. Safari hii alinipa niisome, akaisoma na yeye, akaniuliza mara mbili kama ni sawa. Kisha ikaenda.

Afisa ameniuliza kama kuna aliyejibu. Ndiyo. Wapo waliosema wanaomba Mungu. Mmoja wa Kasulu aliandika kwamba Kastori anamjua na ni mtu mzuri. Jibu hilo nimemkabidhi afisa. Mengine yaliyoingia mpaka leo asubuhi kabla sijaja hapa yametoka kwa wanunuzi. Mama mmoja wa Ubelgiji ameandika kwamba amesikitika sana kwa habari ya mtoto, na angependa kujua kama asali ya mwezi wa sita itachelewa. Anisia ameniuliza wamejibu nini. Nimemwambia bado.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Sikushurutishwa na mtu, wala sikuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: J. Nizigama

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Jiwe la mizani limepokelewa kama kielelezo. Ombi la ushirikiano limepelekwa kwa polisi wa Tanzania upande wa pili wa mpaka, jibu halijafika. Baada ya kutia sahihi, shahidi ameuliza kama anaweza kurudi hospitali kabla ya saa ya kutazama wagonjwa kwisha. Nimemruhusu.

Audax Nkeshimana, afisa mpelelezi
Muyinga, 14 Mei 2019