Herufi Zisizo na Mikia

Jumatano, mvua tangu asubuhi

Eti herufi za darasa la kwanza. Maneno hayo ya Mzee Salumu yamenikera kutwa nzima. Mimi niko juu ya ngazi upenuni, mvua isikofika, namchorea kibao kipya cha hoteli yake ya chai, yeye yuko chini anadai mikia na vivuli, kama vya kibao cha zamani tulichokifuta.

Tangu biashara za watu binafsi ziruhusiwe, kila mwenye duka hapa Tukuyu anataka mapambo. Mimi nashikilia herufi zangu: mistari iliyonyooka, unene mmoja, na O ya duara kamili niliyoichora kwa kufuata ukingo wa mfuniko wa sufuria. Naizidisha kidogo nje ya mstari, maana ukiipima sawasawa na wenzake, macho huiona ndogo.

UPENDO HOTELI, basi. Ila niliogopa ataikataa kazi.

Alasiri ukungu ukashuka. Akapita bibi mmoja wa kijiji cha Nkunga, mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama ng'ambo ya barabara, akasoma kwa sauti, silabi moja moja, kama walivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima: u-pe-ndo, ho-te-li.

"Kumbe hapa wanauza chai," akasema. "Mimi kila siku ya soko napita tu. Kile kibao cha kwanza nilidhani ni maua."

Nikamwangalia Mzee Salumu. Hakuniangalia. Alikuwa anamvutia bibi kiti.