Nyoka Uliyemwachia Mama

Heru Juu,
Kasulu, Kigoma.
3 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Marselino,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Arusha, na kwamba baridi ya huko haijakurudishia kile kifua chako. Sisi hapa tunaamka na tunalala. Maharage tumevuna, si mengi, lakini yapo. Mama anaendelea. Nasema anaendelea kwa sababu amenikataza kusema zaidi ya hapo, na leo simtii.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yangu unaikata. Jirani yetu Niyubahwe anakuja huko kwenye mafunzo yake ya ualimu, nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umeifungua mbele yake. Kwa hiyo kaa chini usome.

Unakumbuka ulivyofika Krismasi. Ulishuka kwenye bodaboda na lile kasha la mbao lenye wavu, ukaliweka stoo karibu na jiko, ukasema ni chatu wa maonyesho, mpole kama paka, una kibali chake, na utamfuata mwezi wa pili kikundi chenu cha ngoma kikipata nyumba. Ulimtoa, ukamvaa shingoni, majirani wakajaa uani. Mama alicheka siku ile. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu baba afariki. Ndiyo maana sikukataa, na hilo nalijutia mpaka sasa.

Uliniachia karatasi yenye mistari mitatu. Panya mmoja kila baada ya wiki mbili. Maji yasikauke. Akishakula, mtoe umshike ili akuzoee. Ukanionyesha namna ya kumlisha: ukamshika panya aliye hai kwa mkia, kwa vidole vyako, ukamning'iniza juu ya kasha, chatu akamnyakua, ukacheka. Nami nikafanya hivyo hivyo, Januari yote. Nilikuwa naogopa, lakini nilifanya, kwa kuwa mdogo wangu amesema.

Sasa nikueleze Jumamosi ya tarehe 17 Februari, maana wewe ulisikia robo yake tu.

Tulikuwa na wageni wa kwaya kesho yake. Mama alikuwa amechinja jogoo, anamnyonyoa pale mlangoni mwa jiko. Mimi nilikuwa nimeinamia mahindi kwenye kinu. Akapita stoo kuchukua sufuria, akaona bakuli la maji la chatu limekauka. Akamwonea huruma. Ndivyo alivyoniambia baadaye, alimwonea huruma. Akafungua mfuniko, akapeleka mkono wa kulia kulichukua bakuli, mkono ambao ulikuwa bado na manyoya na damu ya kuku.

Sikusikia kelele. Nilisikia sufuria ikianguka, kisha Mama akaniita jina langu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu kanisani. Nilipoingia, chatu alikuwa amemng'ata hapa, chini ya kidole gumba, na mwili wote umetoka kwenye kasha umejizungusha mkononi mpaka kwenye kiwiko. Mama alikuwa anavuta. Kila akivuta meno yanazidi kuingia, kwa sababu meno ya chatu yamepinda kuelekea ndani. Hilo nalo hukuwahi kuniambia.

Nilimwita Reverien, yule jirani fundi wa kuchomelea mageti. Akaja na panga. Mama akamwambia, "Weka hiyo chini, utanikata mimi." Reverien akaweka. Akatazama kidogo, akasema, "Tuanze na mkia." Akaushika mkia akawa anaufungua mzunguko mmoja mmoja kama mtu anayefungua waya, na mimi nashika anapofungua ili usijirudie. Kichwa kikagoma kuachia. Tukauzamisha mkono wa Mama pamoja na kichwa cha nyoka kwenye ndoo ya maji ya kisima, yale ya baridi. Tukahesabu pumzi. Akaachia.

Katikati ya hayo nilikupigia mara tatu. Mara ya tatu ulikata. Jioni ukatuma sauti: "Mwambie Mama asiogope, alikuwa anamjaribu tu." Nimeitunza hiyo sauti. Siku nyingine nikianza kukuhurumia huwa naisikiliza.

Kituo cha afya walimtoa meno mawili yaliyovunjikia ndani, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakamshona. Mkono ulivimba wiki mbili. Sasa uvimbe umeisha, lakini kidole gumba hakikunjiki. Marselino, Mama anasuka vikapu. Unajua kidole gumba ndicho kinachobana ukindu. Anakaa pale barazani, anaanza mstari, unafumuka, anaanza tena. Akiniona natazama anasema jua limemchosha.

Na kanisani amewaambia alikatwa na seng'enge. Mzee wa kanisa mzima, mtu ambaye hajawahi kuniruhusu niseme uongo wa chumvi, anasimama mbele ya watu anasema seng'enge. Kwa ajili yako.

Watu walinishauri nimmwagie nyoka maji ya moto. Nilichemsha hayo maji. Nilikuwa nayo mkononi. Mama akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, huyo alikuwa na njaa tu." Nikayamwaga uani, nikalia.

Kisha Louise wa kwaya akanitajia mtu wa kambini Nyarugusu, anaitwa Polycarpe, aliyewahi kutunza nyoka kwao Kongo kwenye kituo cha wanyama kabla ya vita kumkimbiza. Alipopata kibali cha kuja Kasulu kutibiwa macho, alipita kwetu. Alisoma ile karatasi yako ya mistari mitatu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna mengine. Akauliza, "Ni nani alikufundisha kukamata panya na vidole?" Nikasema ni mdogo wangu. Akanirudishia ile karatasi. Halafu akasema, "Dada, hii nyoka haina kosa. Kila mara munafungua, inakuta chakula. Sasa mulango ikifunguka inawaza chakula tu. Na maboko ya Mama ilinuka kuku."

Alinifundisha mchana mzima. Nakuandikia si kwa sababu unastahili kufundishwa, ila nasikia huko Arusha umepata nyoka mwingine wa kuonyesha watalii, na mtalii naye ana mama yake. Panya awe ameshakufa, maana aliye hai humng'ata nyoka akamtia vidonda, na asizidi unene wa tumbo la nyoka. Ashikwe kwa koleo refu, vidole visikaribie kabisa. Reverien alinitengenezea koleo la nondo lenye urefu wa mkono wangu wote, akalifunga kitambaa nchani lisimuumize mdomo. Siku ambayo si ya kulisha, kabla ya kuingiza mkono unamgusa kwanza ubavuni na fimbo yenye kulabu, taratibu, ajue hakuna chakula. Unanawa mikono kwa sabuni kabla, hata kama hujashika kuku. Akianza kufifia macho kwa ajili ya kujivua gamba, unamwacha. Na chatu wa ukubwa ule hafunguliwi na mtu mmoja peke yake, hata siku moja. Polycarpe alinirudia hilo la mwisho mara mbili.

Na akishakula hashikwi. Siku tatu, nne, anaachwa atulie, la sivyo anatapika na anaweza kufa. Wewe uliandika kwa mkono wako nimtoe nimshike. Nilipomwambia Polycarpe kwamba alitapika mara mbili mwezi Januari alitikisa kichwa tu.

Nilimlisha hivyo Machi yote na Aprili. Mimi, ninayeogopa hata jongoo. Reverien anasimama upande mmoja, mimi na koleo upande mwingine. Chatu alitulia. Alipoona fimbo alikuwa anarudisha kichwa chini. Nikafahamu kwamba kumbe mambo haya yanafundishika kwa mchana mmoja, na wewe ulikaa nasi wiki mbili ukila ugali wa Mama.

Ningeweza kusema hukujua. Nilikuwa nasema hivyo moyoni, hukujua, ni ujana. Lakini mwezi wa nne Khamisi wa kikundi chenu alipita Kasulu na ngoma zao, nikamfuata. Hakujua kama sijui. Akaniambia chatu yule alimng'ata mpiga ngoma Kahama mwezi wa kumi na moja, wakati wa kulishwa, mkono huo huo wa kulia, na wenzako watano wakasema hawamtaki tena. Na kibali hakikuwepo tangu mwanzo. Ndipo ukapanda basi.

Kwa hiyo ulijua. Ulikuwa na mnyama ambaye wanaume watano wazima walimkataa, ukamleta kwa mama mwenye miaka sitini na minane, ukamwambia ni mpole kama paka. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo namna nyingine isikuumize, nimeshindwa.

Nilikwenda ofisi ya maliasili mwenyewe. Sikutaka amng'ate mtu mwingine wala auawe. Sikumpa chakula siku kumi kabla, asije akatapika njiani, kama Polycarpe alivyoniagiza. Maofisa wawili wakaja na gunia la kitambaa, wakamchukua kwa utaratibu mzuri, wakasema watamrudisha porini wakiona afya yake inatosha.

Kisha mmoja akafungua daftari akauliza, "Mwenye nyoka ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kulitaja jina lako. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani. Mama akasimama kabla yangu, na ule mkono ameuficha ndani ya kanga. Akasema, "Ni wangu."

"Umempata wapi, Mama?"

"Shambani."

Yule kijana wa maliasili alimtazama, akanitazama mimi. Mama naye akanitazama. Nikanyamaza. Hata sasa sijui kwa nini nilinyamaza, na hasira nyingi ya barua hii ni yangu mwenyewe kwa ajili ya dakika ile.

Ameandikwa kwa kufuga mnyamapori bila kibali. Ameitwa ofisini Jumatatu tarehe 24 Juni, saa tatu asubuhi, ajieleze. Wanaweza kumwonya wamwache, wanaweza kumpeleka mahakamani, sijui, na yeye hajui. Kitenge cha kwendea amekwisha kukipiga pasi.

Huna haja ya kutuma chochote, wala kutuma sauti. Panda basi uje. Ukifika Jumapili utalala nyumbani, nitakupikia, na sitasema neno lolote mezani mbele ya Mama. Asubuhi utakwenda wewe, na yeye atabaki barazani na vikapu vyake.

Reverien anakusalimu, ingawa hakutumia neno hilo. Shangazi Deborah wa Kumsenga anakusalimu, na watoto wake. Mama amenichungulia naandika, amesema nikuandikie kwamba mkono umepona na usiwe na wasiwasi. Nimeandika kama alivyosema. Sasa umesoma ya kwake na umesoma ya kwangu.

Mungu akulinde njiani mpaka Kasulu, na akupe uso wa kusimama mbele ya lile daftari useme nyoka alikuwa wa nani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda nikiwa na hasira,

Dorcas Niyonkuru