Fedha Aliyoisugua Shangazi Noreen

Flemingdon Park,
Toronto.
12 Machi 2025

Mpendwa Kaka Gerard,

Kwanza nakusihi, barua hii asiione mtu, hata wifi. Nimeandika Kiswahili kwa sababu watoto wa Anko Alban hukisikia tu, kukisoma hawawezi.

Hamjambo hapo Mombasa? Watoto wamepona surua? Mimi ni mzima. Mama yako, Shangazi Noreen, pia, mwili hauna neno.

Unajua mimi ni karani katika duka la Anko la vitu vya kale. Wakati wa baridi alinunua hazina ya fedha: vikuku vilivyokatwakatwa, bakuli lenye msalaba, sarafu za maandishi ya Kiarabu. Vilizikwa Ulaya zaidi ya miaka elfu iliyopita. Mtaalamu wa chuo kikuu alishindwa kusema ni vya watu gani, mabaharia wa kaskazini, watawa wa Ireland au wengine. Alisema udongo na nyuzi zilizogandia humo huenda zikaonyesha, na angerudi Jumatatu kuzipima. Asili ikijulikana, nchi yake itavidai. Isipojulikana, Anko atauza.

Jumamosi Anko alivipeleka jikoni kwa mama yako, akamwambia hakuna mwingine ajuaye kung'arisha fedha. Malimau nilibeba mimi. Shangazi alivisugua kwa limau na chumvi, kama vikombe vya kanisa kila Kwaresima, huku akiimba.

Jumatatu, mbele ya mtaalamu na wateja, Anko alimuuliza Shangazi nani alimruhusu kuvisugua.

"Si wewe, Alban?"

"Mnaona? Dada yangu hata ya juzi hayakumbuki. Kesho atamsugua paka."

Wateja walicheka. Shangazi akanitazama. Kibali changu cha kazi kiko mkononi mwa Anko. Nilinyamaza.

Baada ya Pasaka daktari atampima akili. Anko anataka apelekwe makao ya wazee, nyumba yake aichukue yeye.

Kitambaa cha kale kilichofungiwa fedha hiyo ilipozikwa, Anko aliniambia nikitupe. Kimo ndani ya friza yangu, chini ya samaki, pamoja na udongo wake. Nitampa mtaalamu na kusema yote, lakini peke yangu naogopa. Njoo usimame nami.

Jana mama yako aliniuliza kama kweli nilikuwepo jikoni. Nikamjibu ndiyo. Akasema ningekuwepo ningesema, basi namfariji tu.

Nisalimie wifi Philomena na Bibi Ermelinda. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi dadako, mwenye kukupenda na kukungoja,
Deanne

Usipige simu dukani. Mpigie jirani yangu Zeena, namba iko nyuma ya bahasha, useme unaulizia sambusa. Ataniita. Ukifika, bonyeza kengele yake, si yangu. Na mama yako umwambie wewe kwamba nilikuwepo. Mimi haniamini tena.