Zaburi Inayoishia Gizani: Kwa Baba Yetu, Mzee Solomoni Sumari

Mwaka umepinduka, Baba, tangu ulipotutoka katika hospitali ya mjini, masika yakiwa yameanza na Mlima Meru umejifunika mawingu hadi chini. Bado tunakuita kana kwamba uko nyuma ya migomba.

Ulikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Jirani akiugua, ulichuma kahawa yake kwanza, yako ikabaki inaivia shambani. Ulikunywa chai ya moto kupita kiasi, ukamlaumu aliyeichemsha. Kila alfajiri uliketi barazani na Mama, ukasoma Zaburi kwa sauti, naye akaitikia. Jumapili uliongoza usharika vivyo hivyo: wewe mstari mmoja, wao mstari mmoja. Hukuhitaji kipaza sauti.

Halafu Allen, kitinda mimba wenu, akafa. Lori lilimgonga kule mjini, Sombetini, akiwa kwenye bodaboda yake. Siku ya maziko mchungaji alikupa Zaburi ya sifa uisome. Ulisimama kando ya jeneza, ukatikisa kichwa.

"Hiyo leo sina, Mchungaji. Nitasoma ile inayoishia gizani."

Ukaisoma, ya mtu anayemlilia Mungu usiku na mchana asijibiwe, mpaka mwisho wake, ambao hauna hata chembe ya faraja. Hakuna aliyeitikia. Watu walitazama viatu vyao.

Mama ametuomba tukuambie yaliyokuwa moyoni mwake tangu siku ile, maana yeye mwenyewe hakupata kukwambia.

Aliona aibu, Baba. Aibu ilizidi wazee wenzako walipokuja nyumbani, na Mzee Stanley akasema, "Mzee Sumari, kiongozi akinung'unika mbele za Mungu, kundi litakwenda wapi?"

"Aliyeandika Zaburi alimlilia nani, Stanley? Jirani yake?" ulimjibu. "Mimi sijamwacha Mungu. Niko mlangoni kwake, nagonga."

Wakakupumzisha kuongoza. Hukuacha kwenda kanisani. Uliketi kwenye benchi lako, kimya, wenzako wakisifu. Mama alikuwa mbele na kwaya, akaimba kwa nguvu, asisikie kimya chako. Nyumbani hakukuitikia tena.

"Baba Allen, unagombana na Mungu ndani ya nyumba yangu," alikwambia.

"Nagombana naye kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwendea."

Tangu hapo, ukifungua Biblia, yeye alichukua ndoo akaenda kukamua.

Kisha akaja Evelyn, jirani aliyezika mapacha wake kabla hawajabatizwa. Alfajiri moja alisimama nje ya baraza, khanga kichwani. Ulimwonyesha pa kukaa, ukaendelea kusoma. Wengine wakamfuata: mjane kutoka ng'ambo ya mto, mzee ambaye mwanawe alipotelea migodini. Mama, akiwa bandani kwa ng'ombe, alisikia sauti zao zikiitikia mahali pake. Anasema wivu ulimchoma, na ndoo ya maziwa ikamponyoka mara mbili. Lakini hakuja. Alijua akiketi pale atalia, na akianza kulia hatanyamaza.

Koo likaanza kukuuma wakati wa kupogoa mibuni. Saratani. Sauti iliyokuwa inajaza kanisa ikawa mkwaruzo, kisha ikakatika kabisa. Kule wodini ulimwashiria Mama kwa kidole asome. Alifungua Zaburi ya sifa, ile aliyoiimba na kwaya miaka yote. Mstari wa kwanza ukamshinda. Akafunua kurasa, akasoma ile ya maziko ya Allen. Akaona midomo yako inacheza. Ulikuwa unamwitikia, Baba, bila sauti. Akasoma hadi giza lile la mwisho, akafunga kitabu, akakushika mkono. Jioni yake ukaondoka.

Tulikulaza kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, kando ya Allen.

Mama ameacha kwaya. Kanisani haachi kwenda, ila hafungui kinywa. Mchungaji amekuja kuomba naye, binti yako Anneth amebembeleza, mwanao Joel amekasirika. "Nikifungua kinywa, hakuna kitu ndani," anatuambia.

Jumapili iliyopita usharika ulisoma Zaburi ya sifa kwa kupokezana. Mama alisimama na wengine, Biblia mkononi, midomo imefungwa. Ilipofika zamu ya kuitikia, akafunga Biblia, akataka kutoka. Evelyn, aliyekuwa nyuma yake, akasogea akamshika kiwiko.

"Simama tu, mama yangu," alimnong'oneza. "Hii nitakusemea mimi."

Akaisoma yote sikioni mwake, mstari kwa mstari, huku machozi yakimtiririka yeye mwenyewe.

Njiani kurudi, Joel alimuuliza, "Mama, leo umeabudu?"

"Sijui, mwanangu. Nilishikwa, nikasimama."

Unakumbukwa na mkeo Susana, wanao Joel na Anneth, mkweo Angel, wajukuu zako, ukoo wote wa Sumari, na wale wa barazani, ambao wangali wanakuja alfajiri. Evelyn ndiye anayesoma. Mama bado anakamua, ila mlango wa banda siku hizi anauacha wazi.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Baba.