Damajani la Ubaldina

Ciales, 20 Novemba 2017

Nereida mwanangu,

Mungu akubariki. Habari za huko Orlando? Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini huo ni wa siku zote. Barua yako imechelewa. Posta haina paa tangu kimbunga.

Umeuliza mama yako alizikwaje. Alizikwa vizuri. Gari la maiti lilishindwa kupita, matope yamefunga barabara, tukambeba mpaka darajani. Mimi mbele, jirani Monse nyuma. Monse akamwambia marehemu, "Ubaldina, hata leo unatupandisha mlima bila chakula." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, sijui kwa nini. Siku tisa za rozari Mama Eduvigis alisalisha kwa mshumaa. Kahawa tulikunywa bila sukari.

Najua ndege hazikuwepo. Sikulaumu.

Mibuni yote imelala chini. Hakuna kahawa ya kuchuma kwa mtu. Nakata miti iliyoziba barabara, nalipwa chakula cha makopo.

Damajani lako lipo. Ile chupa kubwa ya gongo aliyoizika mama yako wiki uliyoondoka, uifungue ukirudi. Nilichoma mtarimbo pale nyuma ya jiko, taratibu, nikasikia kioo. Halikuguswa. Ukija utalifungua.

Baba yako


Orlando, 15 Januari 2018

Baba,

Nakuomba baraka. Hujambo baba yangu? Umeme umerudi? Unakula? Nimekutumia betri na taa, na dawa ya kuchua mgongo. Usimpe Monse yote.

Baba, nina habari. Pale kiwanda cha ramu sioshi tena mapipa. Siku moja wakati wa chakula nilimsimulia bosi habari za bibi Tomasa, jinsi alivyokuwa anapika gongo bondeni enzi za marufuku ya pombe, na polisi wakija anakalia mtungi na kujifanya ana uchungu wa kuzaa. Bosi aliacha kula. Sasa anataka kutengeneza ramu ya kufuata gongo lile la bibi, ambalo mama alirithi. Itakuwa halali, yenye stempu ya serikali, na picha ya mama kwenye chupa. Na mimi ndiye mchanganyaji. Mimi, baba, niliyeingia pale na ufagio.

Tumejaribu kwa nanasi na zabibu kama mama, inatoka kama peremende. Kuna kitu hatukijui. Nakuomba uchimbe lile damajani unitumie. Tukilionja tu tutajua. Wewe hukumbuki alikuwa anaweka nini?

Mwanao Nereida


Ciales, 9 Februari 2018

Nereida,

Mungu akubariki. Mzima? Mimi mzima. Dawa nimepata. Monse kajipaka mpaka miguuni.

Sijui mama yako alikuwa anaweka nini. Kazi yangu ilikuwa kupasua kuni na kuangalia njia kama kuna mtu anakuja. Nikisogea ananifukuza. "Eleuterio, toka hapo, unanuka jasho, utaniharibia." Miaka yote ile sikuona ndani ya chungu. Nilijua moja tu, yale ya kwanza yakianza kudondoka anamwaga. Anasema hayo ni ya kupofusha watu.

Damajani situmi. Hakulizikia posta. Unajua desturi yetu. Gongo la kuzikwa linafunguliwa na aliyezikiwa, palepale lilipozikwa, watu wa nyumbani wamekaa. Ulimwona mjomba wako alipotoka jeshini. Mama yako kila Krismasi alikuwa anasimama pale nyuma ya jiko anasema, "Mwaka huu." Mimi namwambia ingia ndani, mvua.

Kumi na moja Oktoba anatimiza mwaka. Kuna rozari ya kufunga matanga. Njoo siku hiyo. Ulifungue wewe. Ukishafungua, chukua upeleke unakotaka.

Baba yako


Orlando, 2 Aprili 2018

Baba,

Habari za siku? Nitakuja. Ruhusa nimeomba na bosi amekubali. Nitafika tarehe tisa Oktoba, nisaidie kupika. Mwambie Mama Eduvigis asitafute mtu mwingine wa kuitikia rozari, nitaitikia mimi. Samahani, barua fupi, hapa tunafanya kazi hata Jumapili.

Mwanao Nereida


Ciales, 3 Septemba 2018

Nereida,

Hukuomba baraka kwenye barua. Nakupa hivyo hivyo. Mungu akubariki.

Mimi mzima. Umeme umerudi juzi. Nimekaa naangalia taa, sijui niwashe nini kingine. Simu ya mama yako imewaka, ikalia lia, nikaizima. Endelea kuandika barua.

Paa nimepiga mabati. Chumba chako nimepaka rangi, Monse alichagua, ni kijani, usimlaumu, mimi nimemlaumu tayari. Godoro ni jipya. Monse atachoma nguruwe. Wanawake wa juu mlimani wataleta wali na mbaazi.

Damajani nimechimba. Nilichimba kwa mikono sehemu ya mwisho, niliogopa jembe. Limetoka zima. Kizibo kizima, nta aliyoipaka mama yako bado ina alama za vidole vyake. Ndani limekuwa jekundu kama chai. Nimelifuta, nimeliweka mezani, nimelifunika kitambaa chake cha kanisani. Watu wakija kuomba waone, nawaambia subirini mwenyewe.

Monse ameuliza kama anaweza kunusa kizibo. Nikamkatalia.

Tarehe tisa nitakuwa kituoni mjini tangu asubuhi.

Baba yako


Orlando, 8 Oktoba 2018

Baba,

Nakuomba baraka. Baba, usikasirike. Barua hii anakuletea Derek, tunafanya naye kazi. Kesho sitakuwa kituoni, na tangu nilipojua nimepiga simu ya mama siku nzima, haipokelewi.

Wanunuzi wakubwa wanakuja tarehe kumi na moja kuonja ramu ya majaribio. Bosi amebadilisha siku wiki hii. Nilimwambia ni mwaka wa mama yangu. Akasema ndiyo maana ni siku nzuri, nisimame mbele yao nimsimulie mama. Nikikataa anasimama mtu mwingine, na ramu inakuwa ya huyo mtu. Ningefanyaje?

Derek ana sanduku la chupa za ramu yetu, wape watu wa rozari. Mpe kichupa kidogo tu cha lile damajani, tukipime. Linalobaki nitakuja kulinywa na wewe Krismasi. Nakuahidi.

Mwanao Nereida


Ciales, 14 Oktoba 2018

Nereida,

Mungu akubariki. Mimi mzima.

Tarehe tisa nilikaa kituoni mpaka wakafunga. Tarehe kumi vilevile. Sikujua. Nilifikiri ndege imechelewa.

Siku ya rozari nyumba ilijaa. Mama Eduvigis alikataa kuanza bila wewe. Gari likaingia, akasema, "Huyo kafika, washeni mishumaa." Akashuka mwanamume mwenye fulana nyeupe na sanduku. Monse akamwangalia juu mpaka chini. "Nereida," akamwambia, "Orlando imekuotesha ndevu." Watu wakacheka. Derek akacheka pia, hakuelewa utani. Halafu akanipa barua yako. Nikasoma nimesimama. Nikamwambia Mama Eduvigis aanze.

Tukasali. Aliitikia Monse. Anakosea maneno.

Baadaye Derek akatoa kichupa, kama cha dawa ya macho. "Hiki kinatosha, mzee." Nikamwambia, "Beba lote." Akasema hapana, Nereida alisema kidogo. Nikamwambia beba. Monse akaja juu. "Wewe una wazimu? Mkeo kalipika kwa mikono yake, unampa mtu wa fulana? Tufungue hapa, tunywe, tumlilie, tulale." Nikamwambia, "Si lako. Wala si langu." Mama Eduvigis akasema, "Onja basi wewe, Eleuterio, hata kifuniko." Sikuonja. Alilizika kwa ajili yako.

Derek alilikalisha kiti cha mbele akalifunga mkanda. Kitambaa cha kanisani nilikirudisha ndani.

Chupa zenu Monse ameonja. Anasema ramu ni tamu na inapanda vizuri. Mimi nimeangalia picha tu. Mmemfuta mama yako kovu la kidevu, lile alilolipata alipoungua na mvuke wa chungu, wewe ukiwa tumboni mwake. Sikumtambua haraka.

Nguruwe tulikula. Sehemu yako amepelekewa mgonjwa wa juu.

Usilie kazini, watakuona mdogo. Kazi umeipata, ishike. Ukifungua hilo damajani, fungua ukiwa umekaa, na usiongee kwanza.

Krismasi kama kazi ni nyingi usijisumbue. Nilikuwa nakuita uje uchukue kilicho chako. Umekichukua. Sasa huku ardhini huna kitu kingine, ila mama yako.

Baba yako