Simu Iliyoonekana Kaburini Kiriaini

Muriithi ndugu yangu,

Bado napanda minara ya simu, sasa peke yangu. Kazini wamesema watanitafutia mwenzangu mwingine, sijauliza lini. Baridi imeingia Nyeri, na vidole vikifa ganzi kule juu nakumbuka ulivyonipa glavu yako moja, wewe ukabaki na moja.

Acha nikwambie yaliyotokea. Siku pikipiki ilipokuangusha, simu yako ilipotea palepale barabarani. Tulikuzika bila kuifikiria. Kisha asubuhi moja mama yako akafungua kwenye simu yake ile ramani ambayo familia yenu huonana humo, akakuona. Picha yako, ndani ya duara la buluu, katikati ya shamba la kahawa. Juu ya kaburi lako.

Akaanza kukupelekea chai. Nilipofika kwenu Kiriaini nilimkuta amekaa kwenye udongo, simu yake magotini.

"Wafula, mtoto anaita," akaniambia. "Ati nimwache tu hapo chini?"

Wajomba zako walikuwa wameshakubali kufukua kaburi. Niliwaomba wangoje kidogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu inaweza kudanganya iko wapi, lakini haiwezi kujificha kwa mnara unaoisikia. Simu yako ilikuwa bado inatumia mtandao wa kampuni yetu, basi nikaangalia minara. Ule wa Kiriaini haukuwa umeisikia hata mara moja. Wa Sagana ulikuwa unaisikia kwa nguvu, kama iko hapo chini yake. Na Sagana ni mbali, vilima vimejaa katikati.

Nilienda na polisi. Tulimpata mwanamume mmoja nyuma ya duka la kutengeneza simu. Alikiri kwamba aliichukua ulipoanguka, akaiwekea programu ya kuonyesha mahali pa uongo ili asitafutwe. Nikamuuliza kwa nini achague kaburi. Akanitazama kama hajanielewa.

"Mimi niliiweka Nyeri, hapo stage ya matatu. Kaburi yake sijui iko wapi."

Polisi walicheka. Mimi... mimi nilitoka nje nikasimama.

Kaburi lako halikuguswa. Mama yako sasa anapata usingizi. Nilimwambia ni mwizi tu, na ni kweli. Hilo lingine, kwamba mwizi hakuiweka kaburini, sijamwambia, wala sitamwambia. Kila nikishuka upande huo nitapita kwake, nikae naye jikoni kama mtoto wake.

Lala sasa, Muriithi. Kama ulitaka tujue uko wapi, tumekuona.

Kwaheri, ndugu yangu.

Wafula