Panya wa Kwanza wa Chechele

Jumatatu, 18 Agosti

Kanzu nne zimekatwa, moja imeshonwa. Msimu wa Maulidi, hapa Msambweni kila mwanamume amekumbuka kwamba kanzu yake imechakaa.

Chechele amelala tena juu ya kitambaa cha Mwalimu Juma. Kitambaa cheupe, paka mwekundu. Nimemwondoa mara tatu. Mara ya nne nimekata kumzunguka. Mkono wa kushoto umetoka umepinda kidogo. Mwalimu hataona.

Nikimpima mtu, paka hudandia ncha ya futi. Wateja wanawake hucheka. Leo Mzee Hamisi wa mkaa hakucheka, alikwaruzwa goti.

Mchana nilikuna nazi. Chechele alikuwa kwa jirani, kwa Bi Riziki. Mbuzi kukwaruza mara mbili tu, huyo, mkia juu. Akaketi mbele yangu kama mgeni aliyealikwa, akingoja machicha yake. Panya alipita kando ya ukuta. Chechele alimtazama, akapiga mwayo.

Ijumaa, 22 Agosti

Mke wangu Mwanakombo alipiga simu baada ya swala. Salamu, kisha: "Chechele yuko wapi?" Mimi baadaye.

Mwaka na miezi minane sasa yuko Uarabuni, kazi za ndani, watoto watano wa watu. Mwenye nyumba humruhusu kupiga simu Ijumaa tu, nusu saa. Dakika ishirini ni za paka. Nilimwekea paka simu mbele ya uso, akalamba kioo. Mwanakombo alicheka mpaka akakohoa.

Namwonea paka wivu. Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Ingawa sababu naijua. Miaka minne iliyopita tulitoka hospitali mikono mitupu, mvua inanyesha, na mtaroni kulikuwa na kipaka kinalia. Mwanakombo akakifunga katika leso aliyoinunua kwa ajili ya mtoto. Alikinywesha maziwa kwa pamba siku kumi na moja, na siku zote hizo yeye mwenyewe alikuwa hali, anaonja tu. Siku ya kumi na mbili kipaka kilikunywa peke yake kwenye kisahani. Siku hiyo Mwanakombo alikula wali. Akakiita Chechele, kwa kuwa kiliingia chumbani na kusimama, kimesahau kilichokileta.

Desemba mkataba unakwisha. Anarudi.

Jumatano, 27 Agosti

Panya wamekula kanzu ya Mwalimu Juma. Matundu manane, yote kifuani. Kanzu iliyokwisha, hata darizi ya shingo nimeitia. Nimekaa kwenye kiti dakika nzima bila kufanya lolote.

Bi Riziki amekuja kutazama. Amesema paka wangu ni pambo la nyumba. Chechele alikuwa juu ya charahani, anajilamba.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimenunua dawa ya panya. Mwenye duka aliniuliza kama nafuga paka. Nikasema ninaye, lakini hajapata kukamata panya tangu azaliwe. Tukacheka sote wawili.

Nimechanganya na unga wa mahindi, Chechele hagusi unga. Nimeweka nyuma ya kabati la vitambaa. Nimefunga mlango, nimefunga dirisha. Nimekuwa mwangalifu. Naandika: nimekuwa mwangalifu.

Jumamosi, 30 Agosti

Asubuhi wateja watatu barazani. Nampima Mwalimu Juma upya. Chechele akatokea upande wa jikoni, kichwa juu, na panya mdomoni.

Hakuna aliyeamini. Mwalimu alipiga makofi. Bi Riziki alipiga kigelegele kutoka uani kwake, akaniambia, Bakari, leo paka wako amebaleghe. Chechele akamweka panya miguuni pangu, akanitazama. Panya alikuwa hai bado, anakwenda kombo kama mlevi.

Nilijua. Kabla kicheko hakijanitoka mdomoni, nilijua. Panya mzima hakamatwi na Chechele. Lakini nilikuwa na futi mkononi, watu wanacheka, nami nacheka, na nilipoinama alikwisha kumchukua, ameingia naye chini ya meza. Nikasema nitamtoa nikimaliza bega. Bega moja tu. Nikapima bega.

Nilipotazama chini, umebaki mkia.

Adhuhuri alianza kutetemeka. Nilimpa maziwa, akayatapika. Nilimtia kikapuni, nikapanda bodaboda kwenda kwa daktari wa mifugo, Ukunda. Nilimshika kifuani. Alinikwaruza mara moja, hapa mkononi. Hatukufika. Dereva alisimama mwenyewe, akazima pikipiki.

Nimemzika nyuma ya nyumba, kwenye mpera.

Jumapili, 31 Agosti

Sijashona.

Jumatano, 3 Septemba

Mwalimu Juma amechukua kanzu yake. Akauliza shujaa yuko wapi. Nikasema anazunguka.

Uongo wa kwanza. Ulitoka bila kazi.

Ijumaa, 5 Septemba

Tangu alfajiri nilikuwa na maneno tayari. Kombo, mke wangu, nina habari mbaya. Nimeyarudia bafuni, nimeyarudia njiani kutoka msikitini.

Simu ikalia. Sauti yake ilikuwa imechoka. Mtoto mmoja wa pale nyumbani amemtupia kikombe, kimempata nyusi. Akasema: "Nipe Chechele kwanza, nipate kupumua."

Nikasema amelala.

"Basi usimwamshe," akasema. "Niambie tu amelala wapi."

Nikamwambia: juu ya kitambaa cha bluu, sare za shule, mguu mmoja umening'inia. Nikamweleza na mguu. Akacheka kidogo.

Mimi mwoga.

Alhamisi, 11 Septemba

Kesho atataka kumwona. Wiki mbili mfululizo hawezi kuwa amelala.

Bi Riziki ana paka, Tajiri. Dume, mwekundu vilevile, ila ni mnene na ana dharau. Nimekwenda kumwazima. Nilimwamkia, nikamweleza yote.

"Bakari mwanangu," akasema, "yule mwanamke atamjua."

"Paka ni paka, Bi Riziki."

"Hata wewe husadiki hilo."

Amenipa lakini. Amesema yeye hamo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilifunga milango. Nilikaa na Tajiri mapajani, nimemshika miguu chini kwa chini asiruke. Mwanakombo akatokea kwenye kioo. Kovu jipya kwenye nyusi. Uso wake ulifunguka, kisha ukasimama.

"Amenenepa," akasema.

"Anakula sana."

"Mbona kimya?"

"Ameshiba."

Akamtazama. Simu ilikuwa ya video na mtandao leo ulikuwa mzuri, siku zote hukatika, leo hata haukutikisika. Akasema: "Hebu kuna nazi basi, nimwone akija."

Nikaegemeza simu ukutani. Nikamwacha Tajiri, nikatoa mbuzi, nikaketi, nikapasua nazi. Nikakuna. Tajiri alisimama, akajinyoosha, akaruka dirishani akaenda kwao. Nami naendelea kukuna. Sikujua nifanye nini kingine. Nimekuna kifuu kizima, mke wangu ananitazama.

"Amechoka," nikasema. "Joto."

"Haya," akasema. "Mpumzishe."

Akakata. Tulikuwa na dakika kumi na nane zimebaki.

Ijumaa, 19 Septemba

Hakupiga.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimepiga mimi. Simu imezimwa. Nimekwenda kwa mama yake, kule Bodo, kumsalimia na kuchungulia kama amesikia kitu. Mama mzima, anapaa samaki. Amezungumza na binti yake Ijumaa, dakika chache. Akaniambia: "Alikuwa ananiuliza afya yangu, akauliza tena na tena. Akaniambia niape. Ana nini huyu mtoto?"

Nikasema ni upweke tu.

Nimerudi na dagaa alionipa. Sijui niwafanyeje dagaa wote hawa mtu mmoja.

Ijumaa, 26 Septemba

Hakupiga. Nilikaa na simu mapajani tangu swala mpaka alasiri. Nimetoboa kidole kwa sindano ya charahani, ukucha na yote. Miaka ishirini ya kazi, haijapata kunitokea.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimemtumia ujumbe wa sauti. Nimeurekodi mara sita. Wa sita nimeutuma bila kuusikiliza.

Nimesema yote. Dawa niliinunua mimi. Niliona panya analewa nikajua, nikamaliza kupima bega la mtu. Yule uliyemwona ni Tajiri wa Bi Riziki. Chechele amezikwa kwenye mpera. Nimesema nisamehe, kisha nikasema tena, kisha ujumbe ukafika mwisho.

Umepokelewa. Haujafunguliwa.

Jumapili, 28 Septemba

Umefunguliwa saa nne asubuhi. Kimya.

Jumanne, 30 Septemba

Amepiga leo. Jumanne. Ameniambia amemwomba mwenye nyumba dakika kumi, akamwambia amefiwa.

"Na umefiwa," nikasema.

"Nilijua siku ya nazi, Bakari. Ncha ya mkia wa Chechele imepinda. Ya huyo imenyooka. Nikadhani amepotea, au amegongwa na gari, nikasema ataniambia. Sikudhani ni kwa mkono wako."

"Nisamehe, Kombo."

"Paka nimekusamehe. Panya walikuwa wanakula kazi yako, mtu yeyote angetia dawa." Alivuta pumzi. "Lakini ulinitazama usoni ukakuna nazi nzima. Nikajiuliza mangapi mengine. Mama yangu mzima kweli? Wewe mwenyewe mzima? Mimi huku sina macho. Macho yangu yalikuwa wewe."

Nilisikia watoto wanagombana nyuma yake, na yeye akawaambia neno kwa Kiarabu, sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu nisiyemjua. Kisha akarudi.

"Wameniomba niongeze miaka miwili. Nilikuwa nakataa tangu Juni. Nimetia sahihi."

"Lini?"

"Jumapili ile, baada ya nazi."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikasema sawa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nina hasira naye. Kutia sahihi bila kuniuliza! Mume ni mimi. Mtu anaacha nyumba yake miaka miwili kwa sababu ya mkia wa paka!

Nimemfokea mteja bure. Ilikuwa suruali ya kupunguza tu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hasira imekwisha. Nilijaribu kuishikilia, haikushikika.

Si mkia wa paka.

Jumatano, 8 Oktoba

Bi Riziki amekuja na kipaka ndani ya sinia. Tajiri amezalisha huko mtaani, watu wanasema. Chekundu, macho ya kijivu. Akakiweka juu ya meza, kikaangukia kwenye sanduku la vifungo, kikatoka na kifungo mdomoni. Nilicheka. Kicheko kilinishtua.

Nimekirudisha. Nimesema labda baadaye. Bi Riziki hakubisha. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema nyumba hii imekuwa na kimya cha msiba, na mimi nimekonda. Nikasema ni kazi nyingi.

Kisha nikamfuata mpaka uani, nikamwambia si kazi. Mwanakombo harudi Desemba. Aliketi chini palepale kwenye ngazi, na leso yake, na sinia yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Amepiga. Dakika sita. Ameniuliza kama paa la jikoni linavuja. Nikasema linavuja. Akauliza wapi. Nikamwambia wapi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Amepiga. Dakika tisa. Alilia, hakuniambia kwa nini, sikuuliza. Sikukata.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mteja aliyekuja. Umeme umekatika, lakini charahani ni ya miguu, nimetia vifungo, nimekunja sare, nimefagia chumba. Adhuhuri nimeswali nyumbani kwa ajili ya mvua.

Saa nane amepiga. Sauti yake leo ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyeketi. Kule hakuna mvua, amesema, amesahau harufu yake. Nikaishikilia simu mlangoni asikie inavyopiga mabati. Tukakaa hivyo.

Akauliza nimekula nini.

Nilitaka kusema wali kwa samaki. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"Sijala," nikasema. "Tangu jana mchana."

Nikadhani atakata.

"Kuna nini humo ndani?"

"Muhogo. Wa juzi, umechemshwa."

"Upashe moto. Utie chumvi na pilipili. Nenda, nangoja."

Nikaupasha. Nikaketi jikoni, upande usiovuja, simu juu ya ndoo. Nikala. Alinisikiliza tu nikitafuna, mpaka nusu saa yake ikaisha.